Uzi wa Kiwiko

Kalemie, tarehe 8 Februari 1987

Mupwa wangu Fidèle,

Ku bahasha nimeandika jina lako la Kisimba kama serikali inavyotaka, lakini humu ndani serikali haifiki, humu wewe ni Fidèle. Pokea salamu zangu na za muke wangu Mama Thérèse. Tuko wazima. Muguu wangu wa kushoto unauma kila mvua ikitaka kunyesha, na mwezi huu mvua inataka kila siku. Mama yako Cécile alitoka Zongwe na kikapu cha samaki wadogo, ndagala, akakaa kwetu juma moja, akanigombeza juma moja, akarudi. Anauliza kama mutoto wenu Angélique ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka. Anauliza tena kama wewe bado unakumbuka njia ya Kalemie. Hilo ni swali la dada yangu, si langu.

Mbuzi wa Mama Thérèse amekula kofia yangu ya kazi. Nilisema tumuchinje, wanawake wakanitazama kama niliyetukana Misa. Kwa hiyo mbuzi yuko, kofia haiko.

Sasa neno lenyewe. Tangu nilipopumzishwa kazi watu wananifuata nyumbani. Huyu shafti ya motere ya mutumbwi wake imepinda, yule kusine ya mulini wake wa mihogo, ile pete inayobeba shafti, imekwisha. Nyundo ninayo, tupa ninayo, lakini kitu cha duara kinataka turu, mashine ya kukikereza. Kwa hiyo wanavusha chuma chao mupaka Kigoma, mulini unalala mwezi muzima, na akina mama wanarudi ku kinu. Nimechoka kuwaambia hapana. Nimeamua kujenga turu yangu mwenyewe nyuma ya nyumba, ndogo, ya kutosha kazi za hapa ziwani.

Usicheke. Nimepata vipande viwili vya reli nyembamba, zile za vigari vya makaa ya mawe kule Makala. Hizo njo zitakuwa mugongo wake. Kichwa, pale shafti itakapozunguka, nitakimimina kwa pistoni za kamio kuukuu iliyoacha kubeba mizigo, na kalibu nitaifinyanga kwa muchanga na udongo wa kichuguu. Ninachokosa ni regule, ile madini laini ya kumimina ndani ya kusine ili shafti izunguke bila kulia. Ninyi huko Likasi munalala juu ya madini yote ya dunia. Nitafutie kipande.

Unajua Jean, mutoto wangu, ni mwalimu Manono, na chaki njo tupa yake. Hata angependa chuma, yeye ana mujomba wake wa kumurithi. Mimi, kwa desturi yetu, anayenirithi ni mutoto wa dada yangu, na dada yangu ana mutoto mumoja tu anayejua chuma. Siombi kitu. Nasema tu.

Mujomba wako mwenye kichwa wazi kwa ajili ya mbuzi,
Apollinaire


Likasi, tarehe 29 Machi 1987

Mujomba,

Salamu kwako na kwa Mama Thérèse, na pole kwa kofia. Hii hati unayoiona si yangu, ni ya muke wangu Martine. Nimeota jipu ku kidole na kalamu haishikiki. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikisema haraka ananikemea. (Ni kweli. Martine.)

Angélique ameota meno mawili mapya na anayajaribu juu ya watu. Mwambie Mama kwamba njia ya Kalemie naikumbuka, treni njo inaisahau. Barua yako ilikaa safarini kama muntu aliyeshuka Kabalo katikati ya njia akapata kazi.

Habari ya turu ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Niliisoma mara nyingi. Lakini Mujomba, reli ina mugongo wa mviringo kwa juu. Utaukwangua mupaka uwe sawa kama meza, kwa mukono? Utazeeka hapo. Halafu nakumbuka nani alinifundisha kwamba chuma hakina haraka, nanyamaza.

Regule nimepata. Nimempa Omer, jirani yetu anayefanya kazi ndani ya treni ya mizigo, nimeifunga ndani ya kitenge kilichochakaa. Ukimimina, paka shafti masizi ya taa kwanza, isishikane. Unajua, lakini nasema.

Kazi iko. Patroni wangu wa kazi hajambo. Kuja mwaka huu ni ngumu.

Mupwa wako,
Fidèle


Kalemie, tarehe 17 Mei 1987

Mupwa wangu,

Omer alifika na regule, nikamukalisha chini, Mama Thérèse akapika bukari ya mihogo na samaki wa mikebuka. Nilimuuliza kama uko muzima. Alisema uko, halafu akaomba chumvi. Samaki yule alikuwa na chumvi ya kutosha.

Jipu lako Mama Thérèse analitumia dawa: choma kitunguu, kikiwa cha moto weka juu, funga na kitambaa. Anasema jipu la kidole halipiti Pasaka, na Pasaka imepita.

Reli zinakwenda. Kupima kama ziko sawa nilihitaji kitu kilichonyooka kweli, na katika nyumba hii kitu kilichonyooka ni kimoja tu, kioo kile kikubwa cha harusi ya Mama Thérèse. Nakipaka masizi na mafuta, nakilaza juu ya reli, nakiondoa. Mahali penye weusi njo pako juu, napakwangua. Halafu napaka tena. Kila siku ya Mungu. Jumapili Mama Thérèse alijitazama ndani yake kwa haraka, akaenda Misa na paji la uso jeusi, na hakuna muntu aliyemwambia mupaka wakati wa Komunyo. Hajaniongelesha vizuri tangu siku ile. Tena ananung'unika kwamba chupa yake ya mawese inashuka kuliko anavyopika. Mimi sijui kitu.

Regule nimeimimina na masizi yako, ikashika vizuri, ikang'aa. Umeme wa hapa unaujua, kwa hiyo turu itazungushwa kwa muguu, na chini nimeweka gurudumu zito la mulini uliokufa.

Sasa nina ombi. Turu inapaswa kufika ku kiwiko cha yule anayeitumia. Ikiwa chini atavunja mugongo, ikiwa juu hataona anachokata. Simama bila viatu, chukua uzi, pima kutoka chini mupaka kiwiko chako, funga fundo hapo, unitumie. Funga lile fundo letu la nyavu, la Zongwe. Mengine yanateleza ndani ya bahasha.

Apollinaire


Likasi, tarehe 21 Juni 1987

Mujomba,

Baridi imetukamata. Asubuhi watoto wanatoa moshi mudomoni na kujidai wanavuta sigara. Mwambie Mama Thérèse asante kwa kitunguu, jipu limepona. Martine bado anaandika kwa sababu nimezoea uvivu.

Uzi huu hapa. Lakini Mujomba, wewe kichwa chako kinafika ku kidevu changu, na hilo ukivaa viatu. Turu ya kiwiko changu utaitumia umesimama juu ya kiti? Naona unachokifanya. Niliona tangu barua ya kwanza.

Nasema kwa heshima: kama unanijengea mimi, acha. Niko na kazi hapa. Angélique anaingia masomo Septemba, nimekwisha kutafuta minerval yake, pesa za masomo. Kule kuna mutoto wa Mama Agathe, naye ni mupwa wako, ana akili, mufundishe yeye. Jengea muntu atakayekuja. Sitaki ukae ku gare unahesabu mabehewa.

Usikasirike.
Fidèle


Kalemie, tarehe 19 Julai 1987

Mupwa wangu,

Sikukasirika. Ile sehemu ya kutafuta mupwa mwingine sikuisoma vizuri, taa ilikuwa ndogo. Mutoto wa Mama Agathe anauza mikate na anaiuza vizuri, tumwache na mikate yake.

Uzi umefika. Fundo nimeliona. Si lile la nyavu, ni lile wanawake wanafungia majani ya sombe sokoni. Si kitu, halikuteleza.

Mama yako hajambo. Muguu wangu unapumzika maana mvua zimekoma. Mbuzi amezaa.

Nina taabu moja na nakuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Kichwa cha turu kimekamilika, shafti imo ndani ya kusine zake. Nikiwa namaliza kazi alasiri, inazunguka laini, unaisukuma kwa kidole inaendelea yenyewe. Naondoka nimefurahi. Asubuhi narudi, imeshikana. Naikanyaga kwa muguu wote, inalia, haitaki. Jua likipanda, inaanza kukubali. Alasiri ni laini tena. Siku zote namna hiyo. Nilimwita jirani yangu Gaspard, anayetengeneza kamio, aje asubuhi aione inavyozunguka, ikanitia aibu mbele yake. Gaspard alisema labda ina pepo. Nilimwambia aende.

Nafikiri regule inajikunja usiku. Naogopa nilipima vibaya, na kama nilipima vibaya kusine, basi mikono yangu imekwisha na nimejidanganya miezi yote hii. Niambie unavyofikiri. Ukichelewa nitaikwangua kusine iwe pana kidogo.

Kichwa bado sijakifunga juu ya reli. Nimebadili mawazo kuhusu upande wa kukifunga. Hilo si la kukuuliza.

Apollinaire


Likasi, tarehe 23 Agosti 1987

Mujomba,

Barua yako imefika jana na sijalala vizuri. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba na shafti yako kichwani. Mikono yako haijaisha, ondoa neno hilo.

Sikiliza. Si regule. Regule haijikunji usiku na kujikunjua mchana kama muntu anayetandika kitanda. Nafikiri ni zile kusine mbili. Moja iko juu kuliko nyingine kwa unene wa karatasi, na chuma kikipata baridi zinabana. Paka shafti masizi, izungushe kidogo, itoe, utaona weusi umeshika wapi. Kwangua pale tu, kidogo kidogo, kama unavyokwangua reli. Usichukue nyingi. Jaribu asubuhi, usijaribu alasiri, maana alasiri inakudanganya. Tena sikiliza sauti yake: ikilia juu ni kusine ya mbele, ikinguruma ni ya nyuma. Ningekuwa hapo ningeweka vidole juu yake nikajua mara moja.

Basi. Ni hayo. Salamu kwa wote.
Fidèle

Papa, ni mimi Martine. Amekwenda kulala na mimi nimebaki na karatasi, basi naongeza la kwangu. Yeye na wewe munazungumza habari za kusine na karatasi, lakini niulize kitu cha jikoni: hiyo shafti unaitia mafuta gani? Maana Mama Thérèse alilalamika chupa yake. Hapa Likasi, baridi ikija, mawese yangu asubuhi inaganda kama sabuni, nachota na kisu. Nikiiweka juani inakuwa maji tena. Sijui turu, lakini mawese naijua.

Tena, Papa. Tangu mwezi wa kwanza hajacheka kama alivyocheka wakati wa kusema barua hii. Uandike mara nyingi. Yeye anasema, mimi naandika, na asichosema siwezi kukiandika. Lakini vifungo vya shati lake siku hizi mimi njo navifunga.


Kalemie, tarehe 4 Oktoba 1987

Fidèle, na wewe Martine, Mama Angélique,

Naanza na wewe mama, maana mwenye akili anasalimiwa mbele. Nilisoma barua yenu kwa sauti, Mama Thérèse akiwa anamenya mihogo. Nilipofika ku chupa ya mawese alitupa kisu chini, akacheka mupaka akashika ukuta. Alikuwa anajua. Alisema, "Ulidhani nani anachota mawese na kijiko humu ndani kila Julai?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza, nilimuuliza Gaspard.

Mafuta ya motere hapa hayapatikani, na mimi nilijisemea mafuta ni mafuta. Haya, tucheke wote. Lakini ubaya ni kwamba barua yenu ilichelewa na mimi nilikuwa nimekwisha kukwangua. Kusine ikawa pana, shafti ikacheza kama jino la Angélique. Ilinibidi niyeyushe regule yote, nimimine upya. Sasa Omer ameniletea chupa ya mafuta ya kweli, mawese imerudi jikoni, na shafti inazunguka asubuhi, mchana na jioni. Mikono yangu bado iko, mupwa wangu. Nilikuwa nimeogopa kweli.

Ile habari ya vifungo nimeisoma pia. Sijibu.

Turu imesimama. Nimeifunga juu ya miguu ya mbao ya mninga, kwa urefu wa uzi wako, bila kupunguza. Watu wanapita kuiona na wanacheka, maana turu zote duniani kichwa kiko upande wa kushoto wa fundi na manivela, mikono ya kuzungushia, anazishika kwa kuume. Yangu kichwa kiko kuume. Manivela zote mbili ziko kushoto, karibu karibu, unatoka moja unaingia nyingine bila kunyoosha mukono. Ya kuisimamisha nimeiweka chini, ku muguu. Gaspard anatangaza mutaa wote wa Kataki kwamba muzee Apollinaire alipima kwa kioo cha muke wake, njo maana mashine imetoka kinyume kama sura ndani ya kioo. Ni utani muzuri, nimemwachia autumie.

Mama yako yuko Zongwe, anasuka nyavu. Hajambo kabisa. Hajui kitu, maana mimi pia sijui kitu.

Apollinaire


Likasi, tarehe 15 Novemba 1987

Mujomba,

Hii ni hati yangu. Ni ya mukono wa kushoto, vumilia.

Mwezi wa Januari ukanda wa turu ya patroni ulikatika nikiwa juu ya kazi, ukanikamata mukono wa kuume. Vidole vinne havipo. Kimebaki gumba, na gumba peke yake halina rafiki. Barua yako ya kwanza, ile ya reli, ilinikuta bado na bandeji. Patroni aliniweka kulinda mulango. Mwezi wa Juni akaniambia hata mulango una muntu mwingine. Sasa Martine anauza maandazi na mimi nawasha moto.

Sikukuambia kwa sababu mukono huu ni wewe uliufundisha. Nilikuwa mutoto, uliushika juu ya tupa, mukono wako juu ya wangu, mupaka ukajua. Nilifikiri ukisikia utaona kazi yako imetupwa. Kila barua yako ilinifurahisha na ilinichoma. Nilijua unanijengea, na nilijua sitaweza.

Halafu unaandika kwamba Gaspard anacheka. Nilimwomba Martine anisomee mahali pale tena. Nilitoka nje nikakaa. Nani alikuambia? Martine anaapa kwamba wakati anaandika ya vifungo wewe ulikuwa umekwisha kubadili upande.

Lakini Mujomba, hata hivyo. Nikija nitafanya nini? Fundi wa mukono mumoja ni fundi wa nini? Watu watakuja kutazama mukono, hawatakuja kutazama kazi. Nimechoka kuandika, kalamu inateleza.

Fidèle


Kalemie, tarehe 20 Desemba 1987

Mupwa wangu, mutoto wa dada yangu,

Nimeiona hati yako. Ni mbaya kuliko ya mbuzi, na ni barua nzuri kuliko zote ulizoniandikia. Nimeiweka ndani ya kitabu cha sala.

Hakuna aliyeniambia. Omer alikula samaki wake akanyamaza, ni muntu muzuri. Ni fundo lililoniambia. Fundo la nyavu linataka mikono miwili, na wewe ulilifunga Zongwe kabla hujajua kuvaa suruali. Huwezi kulisahau. Nilipofungua bahasha nikakuta fundo la sombe, nilikaa ku mulango wa banda langu nikalia. Mama Thérèse alitoka mbio, alidhani mama yako amekufa. Nilimwambia hapana, ni mukono wa Fidèle. Aliniuliza nani amesema. Nikamuonyesha uzi, naye akakaa chini pamoja na mimi.

Kesho yake niliamua kichwa cha turu kihamie upande wa kuume.

Unauliza fundi wa mukono mumoja ni fundi wa nini. Mimi pia nilitaka kujua. Nilimwambia Mama Thérèse anifunge mukono wa kuume nyuma ya mugongo, kwa kile kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu. Nilifanya kazi hivyo. Siku za kwanza nilikata vibaya mupaka nikawatukana watu wasiokuwapo. Nilikereza kusine ya mulini ambao Gaspard alikuwa anautengeneza, ikatoka kama yai. Nikakereza nyingine, ikatoka kama yai dogo. Niliendelea, maana chuma hakina haraka. Juma lililopita nilimpa nyingine, akaiingiza, mulini ukazunguka, akasimama pale anasikiliza. Hajasema neno la kioo tangu siku ile. Na mimi ni muzee mwenye muguu mubaya, na mukono wangu wa kushoto ni mupumbavu tangu nizaliwe. Wewe una ujana ndani yako bado.

Watu watatazama mukono. Ndiyo. Watautazama siku mbili, halafu mulini wao utaharibika.

Sasa nikuambie ukweli kuhusu hii turu. Kwangu ni ndefu, nasimama juu ya sanduku la sabuni. Tena ni ya kushoto, na mimi ni wa kuume. Gaspard alijaribu, akaumia bega. Hakuna muntu mwingine duniani ambaye mashine hii inamuenea. Usipokuja, mbuzi atalala juu yake, na kofia zangu nyingine atazitafunia hapo.

Mama yako sijamwambia. Hilo ni lako, umwambie uso kwa uso, umushike mikono kwanza.

Nakurudishia uzi. Utazame vizuri. Fundo lile la sombe nimelifungua, na mahali pake nimefunga la nyavu. Nimelifunga kwa mukono wa kushoto peke yake, ncha moja nimeishika na meno. Ilinichukua mwezi na jino moja lililokuwa linacheza. Kwa hiyo inawezekana. Jifunze ndani ya treni, safari ni ndefu.

Nakupenda, na njaa ya kukuona ni kubwa.
Apollinaire


Nyunzu, tarehe 30 Januari 1988

Mujomba,

Treni imelala hapa tangu jana, injini imekufa. Kamio ya mihogo inatangulia Kalemie na shofere amekubali kubeba karatasi hii. Martine yuko hapa anasuka nywele za Angélique, na sufuria zetu ziko hapa, na kila tulicho nacho. Martine anamuletea Mama Thérèse kioo kipya, mwambie asihuzunike.

Fundo lako nimelifungua njiani. Kulifunga bado. Nimejaribu toka Kamina, Angélique anasema nitameza uzi. Utanionyesha.

Asubuhi nilitelemka nikaenda mbele kutazama. Mekanisia wa treni alikuwa chini ya injini anatukana, na musaidizi wake anajaribu kuizungusha. Nilisikiliza kidogo, nikamwambia ni kusine ya nyuma, inanguruma. Akatoka, akatazama mukono wangu, akatazama tena kusine. Ilikuwa ni ya nyuma. Akaniuliza mimi ni nani na nafanya nini ndani ya treni yake.

Nikamwambia mimi ni fundi wa turu, wa Kalemie, niko nakwenda kazini.

Fidèle